Pango Lisilo na Taa: Niliyoyaona Gcwihaba, na Yanayotuhusu Sisi wa Amboni

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa waongoza watalii hapa Tanga. Wenzetu kadhaa walikuwa na wageni siku hiyo hawakuweza kufika, wakaomba niiweke yote kwa maandishi. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yaleyale.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Na asiye wa huku wala kule, habari za asubuhi.

Mzee mwenyekiti, shikamoo. Wazee wangu mlioanza kazi hii kabla mimi sijajua mapango yetu ya Amboni yako upande gani wa mto, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana wa chuo mliojazana kule nyuma karibu na birika la chai, hamjambo?

Mwenyekiti alinipigia simu akasema, njoo utusimulie habari za yale mapango ya mbali uliyokwenda Botswana. Nikamjibu nitakuja. Lakini nilipokata simu nikabaki na swali moja, nalo nataka tulianze pamoja. Mapango ya mbali. Mbali na nani?

Mbali na Tanga, sawa. Mbali na Gaborone pia, maana Gcwihaba iko pembe ya kaskazini-magharibi ya Botswana, wilaya ya Ngamiland, karibu kabisa na mpaka wa Namibia. Unaanzia mji wa Maun, unashika lami kuelekea Sehithwa kando ya Ziwa Ngami, unapanda hadi Tsau, halafu unaiaga lami. Kuanzia hapo ni mchanga. Zaidi ya kilomita mia moja za mchanga wa Kalahari. Hakuna kituo cha mafuta wala duka la vocha, na ukikwama hakuna wa kumpigia honi. Unapunguza upepo wa matairi ili gari lielee badala ya kuzama, unafunga madumu ya maji na ya dizeli, unabeba sepetu, na kama una akili unakwenda na gari la pili. Sisi tulikwama. Tukachimba, tukasukuma, tukakwama tena mbele kidogo. Sitawachosha na hayo, kila dereva aliyekwenda pori anayo ya kwake.

Ninachotaka mkione ni hiki. Baada ya mchanga wote huo, ukiendelea magharibi kidogo, kuna kijiji kinaitwa Xaixai. Watu wanaishi. Watoto wanakwenda shule, ng'ombe wanakunywa maji, kina mama wa Kiherero wamevaa magauni yao marefu. Wapo pia Wasan wa jamii ya Ju/'hoansi, watu wanaozungumza kwa sauti za kugonga ulimi kama ndugu zetu Wahadzabe na Wasandawe. Kwa hao, Gcwihaba si mbali. Kwa hao, aliye mbali ni wewe.

Sasa fungueni kitabu chochote cha safari, mtasoma kwamba mapango haya "yaligunduliwa" mwanzoni mwa miaka ya 1930 na Martinus Drotsky, mkulima wa Ghanzi, magharibi mwa Botswana. Kwa miaka mingi ramani ziliyaita mapango ya Drotsky. Lakini vitabu hivyohivyo, mstari unaofuata, vinasema Drotsky alionyeshwa na Wasan. Alionyeshwa! Sasa mimi nauliza, mtu akikushika mkono akakupeleka mpaka mlangoni kwa jirani yake, wewe umegundua nini?

(Kicheko.)

Mnacheka, lakini jambo hili ni letu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro, na dunia nzima ikaambiwa Rebmann kauona. Nani aliyekuwa mbele ya msafara? Bwana Kheri, kiongozi wa misafara kutoka Mombasa, aliyezijua njia za Uchagani kuliko Mzungu yeyote wa wakati ule. Rebmann mwenyewe aliandika kwamba alipouona weupe ule kileleni akamuuliza kiongozi wake, naye akamjibu kwamba ni baridi. Mwaka uliofuata, 1849, Livingstone na wenzake wakafika Ziwa Ngami, lilelile tulilopita tukienda Gcwihaba. Livingstone hakulikuta likiwa halina wenyewe. Na alipokufa, Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo.

Bwana Kheri alikuwa mwongozaji. Susi na Chuma walikuwa waongozaji. Hawa tunawajua kwa majina, na ni bahati, kwa sababu Wasan waliompeleka Drotsky hatuna jina la hata mmoja. Serikali ya wakati ule ililitangaza eneo lile kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1934. Jina la mkulima likaandikwa, la aliyemwongoza likapeperuka. Leo Botswana imerudisha jina la Gcwihaba, na kijiji cha Xaixai kina chama chake cha maendeleo kinachoshughulika na utalii. Hilo nimelipenda. Nitarudi kwenye habari za majina tukifika Amboni.

Sasa tuingie ndani.

Wangapi humu mmewahi kwenda mapango ya Cango, kule Oudtshoorn, Afrika Kusini? Mkono mmoja. Wawili. Cango kuna taa, kuna ngazi, kuna tiketi, kuna duka la kofia. Sisemi ni vibaya. Lakini Gcwihaba hakuna kitu. Kuna vilima vya dolomaiti, jiwe la jamii ya chokaa, vilivyochakaa, havina urefu wa kutisha, vimetokeza kwenye mchanga. Kuna midomo miwili ya pango. Kuna giza. Taa ni ile uliyokuja nayo, na wapanda mapango wana kanuni yao: usiingie na taa moja, ingia na tatu. Moja kichwani, moja mkononi, moja mfukoni. Ya kwanza itazima, ya pili itaanguka. Msiichukulie kama mzaha.

Mnaanza kwa kuteremka, mwanga wa mlangoni unawafuata hatua chache kisha unachoka. Joto linawapokea, joto zito lenye unyevu. Harufu ya kinyesi cha popo inawapokea pia, hiyo haihitaji taa. Kuna mahali unapita umesimama na dari huioni, na kuna mahali unapita kwa tumbo, mkoba unausukuma mbele yako. Mwenzetu mmoja mwenye mwili wa heshima alifika kwenye upenyo fulani akasema yeye atatusubiri hapohapo.

(Kicheko.)

Alikuwa na haki. Mtu asilazimishwe kuingia tundu, hata awe amelipa.

Halafu ukiinua taa, unaona. Mawe yaliyoning'inia kutoka darini, stalaktiti, mengine marefu kuliko mtu. Mawe yaliyoota kutoka sakafuni kuyaendea, stalagmiti. Mahali pengine yamekutana yakawa nguzo. Mahali pengine jiwe limetiririka ukutani kama pazia, limekunjamana, rangi ya maziwa, rangi ya asali, rangi ya kutu. Mgeni wa kawaida hapo atasema "lo!", atapiga picha, na picha itatoka nyeusi.

Na hapo ndipo kazi yetu inapoanza au inapokufa. Kwa sababu mgeni akishasema "lo!" mara tatu, amechoka. Anataka kujua. Kama huna la kumwambia, utamwambia uongo.

Nilibahatika. Tulikuwa na mwenyeji wa pale, Mtswana wa makamo, mtu mkimya sana. Alisimama mbele ya stalagmiti moja nene, akatuambia tuiguse hewa iliyo juu yake bila kuigusa yenyewe. Tukanyoosha mikono kama wajinga. Akauliza, mnasikia tone? Hatukusikia. Mnaona maji? Hatukuona. Akasema, basi hili jiwe limesimama, halikui. Likikua maana yake juu kuna mvua.

Ndugu zangu, naomba hapa mnivumilie kidogo, maana hii ndiyo nyama ya mazungumzo yangu yote.

Maji ya mvua yakipita kwenye udongo hukutana na mizizi na vitu vinavyooza, huchukua hewa ya kaboni dayoksaidi, yanapata ukali kidogo. Ni ukali wa aina ileile uliomo kwenye soda ya chupa, ila hafifu zaidi. Ukali huo hula jiwe la chokaa na dolomaiti, polepole mno, kwa miaka isiyohesabika. Maji yakijaa chini ya ardhi yanachimba vyumba. Baadaye kina cha maji kikishuka, vyumba vinabaki vitupu, vinaingia hewa. Sasa tone linaloshuka kutoka darini limebeba chokaa iliyoyeyuka. Likikutana na hewa ya pangoni, ile kaboni dayoksaidi inatoka, na chokaa haiwezi tena kubaki ndani ya maji. Inaganda. Utando mwembamba kuliko karatasi. Tone jingine, utando mwingine. Ndivyo jiwe linavyoota. Na Amboni ni hivyohivyo, kazi ni moja.

Sasa fikirini. Gcwihaba iko Kalahari. Mvua ya mwaka mzima kule ni kama milimita 400 hivi, na karibu yote huja kwa miezi michache ya joto kule, Novemba mpaka Machi. Sisi Tanga tunapata zaidi ya 1,000. Bonde la Gcwihaba lenyewe lilikuwa mto, leo ni nyasi na mchanga. Kwa mvua hiyo, nani alijenga nguzo nene vile? Nani alichimba vyumba vile?

Mvua nyingine. Mvua za zamani.

Mwanajiografia H. J. Cooke, aliyefanya kazi Botswana, aliyachunguza mapango haya miaka ya 1970, na wengine wakamfuata. Walichukua vipande vya mawe haya wakavipima umri. Kipimo kimoja kinachotumika mapangoni ni hiki: maji hubeba urani kidogo iliyoyeyuka, lakini thori, metali nyingine, haiyeyuki. Kwa hiyo jiwe jipya lina urani na halina thori. Miaka ikipita, urani inageuka thori kwa mwendo unaojulikana. Ukipima kiasi cha kila kimoja unajua jiwe liliganda lini, na unaweza kurudi nyuma mpaka kama miaka 500,000. Walichokuta Gcwihaba ni kwamba mawe hayakukua mfululizo. Yalikua, yakasimama. Yakakua tena, yakasimama tena. Kwa makumi ya maelfu ya miaka Kalahari imekuwa ikilowa na kukauka, na jiwe limeandika kila mara iliponyesha vya kutosha.

Lakini subirini, bado. Tokeni nje ya pango, tazameni mchanga. Ile mistari mirefu ya vilima vya mchanga mliyoipita na gari, imejipanga mashariki hadi magharibi, leo imeota miti na nyasi, imetulia. Vilima hivyo vilijengwa na upepo, wakati ardhi ilikuwa kavu kuliko leo, hakuna mizizi ya kuushika mchanga. Mmeona? Nje kuna ushahidi wa ukame kuliko leo. Ndani kuna ushahidi wa mvua kuliko leo. Mahali pamoja! Mgeni akisimama mlangoni pa Gcwihaba, kushoto kwake pana historia ya kiu na kulia kwake pana historia ya mafuriko, na asipopata mtu wa kumwambia ataondoka na picha nyeusi.

Je, sisi tunamwambia nini mgeni wetu?

Hebu tuseme ukweli wa nyumbani. Mgeni anafika Amboni, kilomita chache tu kutoka mjini, barabara ya Mombasa. Anateremka kando ya Mto Mkulumuzi. Tunamwambia nini? Tunamwambia habari za mbwa. Eti walikuja Wazungu wawili na mbwa wao, wakaingia pangoni, hawakuonekana tena, na mbwa akatokea Kilimanjaro. Wengine wanasema pango linatokea Mombasa. Nimemsikia mmoja, yumo humu leo simtaji, akiliongeza mpaka Nairobi.

(Kicheko kikubwa, makofi.)

Kwa mwendo huo, wazee wangu, mwakani litafika Kairo. Vipimo vilivyofanywa mwaka 1994 vilionyesha kwamba pango refu kuliko yote pale lina kama mita 900. Haifiki hata kilomita moja. Mbwa huyo angekwenda Kilimanjaro kwa basi.

Msidhani ni sisi peke yetu. Gcwihaba nao wana mbwa wao, ila wa kwao ni hazina. Inasemekana mfanyabiashara na mwindaji mmoja wa Ghanzi wa karne ya 19, Hendrik van Zyl, alificha mali yake ndani ya mapango yale. Watu wameisimulia hadithi hiyo mpaka imekuwa na miguu. Nilimuuliza yule mwenyeji wetu, vipi habari za hazina? Akaniangalia kwa upole, kama mnavyomwangalia mgeni anayeuliza kama simba ana jina. Akasema, wengi wanaulizia hiyo, halafu akageuza taa yake kwenye nguzo nyingine akaendelea na mvua. Hakubishana, hakucheka. Aliipa hadithi nafasi inayostahili, akatupa kilicho cha kweli, na mimi binafsi hazina ile niliisahau palepale.

Sisemi tuache ngano. Ngano ni zetu, na ile ya mbwa inachekesha. Isimulieni mkiwa njiani, kwenye gari, na iiteni ngano. Lakini mkifika ndani mna mambo mazito zaidi. Mna Osale Otango, aliyejificha mle miaka ya 1950 akisakwa na polisi wa kikoloni. Hiyo ni historia, na wapo wazee Tanga waliolelewa wakisikia jina lake. Mna sehemu ya mzimu ambako watu bado wanakwenda kuomba, na mgeni anapaswa kuambiwa avue kofia na apunguze sauti. Mna jiwe lenyewe. Panda hapo juu kidogo hadi Kenya, pango la Panga ya Saidi, pwani hiihii: mwaka 2021 watafiti walitangaza kaburi la mtoto aliyezikwa humo miaka 78,000 iliyopita. Mtoto wa miaka miwili au mitatu, amelazwa kwa ubavu, amekunjwa miguu, kama anavyolazwa mtoto. Watafiti wenyewe walimpa jina la Mtoto. Pwani yetu ina mapango ya namna hiyo, na sisi tumekaa na mbwa!

Niseme kidogo juu ya mikono, maana hili linaniudhi.

Mwaka 1820 gavana wa koloni la Rasi, kule Afrika Kusini, Lord Charles Somerset, alitoa amri ya kulinda mapango ya Cango, kwa sababu wageni walikuwa wanavunja mawe na kuondoka nayo kama kumbukumbu. Mwaka 1820! Miaka zaidi ya mia mbili imepita, na juzi nimeona kijana ameandika jina lake na la mchumba wake kwenye ukuta wa Amboni kwa rangi ya mafuta. Jiwe lile lilichukua maelfu ya miaka, mchumba sijui kama wamefikisha Krismasi. Na hata kugusa tu, msiruhusu. Mafuta ya mkono yakishapaka jiwe, maji yanateleza, chokaa haishiki, jiwe linaweza kusimama kukua pale pale. Gcwihaba mtu akinyoosha mkono anakemewa hapohapo, na anayekemea hapandishi sauti hata kidogo.

Na popo. Kule wapo popo wala wadudu, mmoja wao ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa aina hiyo barani Afrika. Jua likizama wanatoka kwa wingi kwenda kuwinda. Usiwapigie tochi usoni, usipige kelele wakiwa wamelala, na usitimue vumbi la kinyesi chao, kwani lina vijidudu vya kuvu vinavyoweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Wenye wageni wanaokwenda Uganda wanajua zaidi: mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa homa ya Marburg baada ya kuingia pango lenye popo wala matunda huko Maramagambo. Siwatishi, mapango si yote na popo si wote. Nasema barakoa ni bei ya andazi moja. Nunueni.

Sasa lile la majina nililoahidi, kisha niketi.

Pendekezo langu kwa mkutano huu, na mwenyekiti naomba liingie kwenye muhtasari, ni mambo mawili. Kwanza, tukusanye majina ya waongozaji wa Amboni, waliopo na waliotangulia mbele za haki, tangu wazee wanavyokumbuka. Nani alimfundisha nani njia. Nani aliwaongoza wapimaji wa 1994. Mtu lazima aliwatangulia na taa, hawakujiingiza wenyewe. Wazee wapo hai, wengine wamekaa mstari wa mbele hapa, na daftari ni shilingi elfu mbili. Pili, kila ziara iwe na dakika moja ya kuzima taa zote. Chagueni chumba kipana chenye sakafu salama, waambieni wageni wakae chini, watoto washikwe mikono, simu mfukoni, zimeni. Baada ya hapo washeni taa moja tu, ielekezeni kwenye jiwe moja, na mwaambie habari za mvua. Nimelijaribu na kundi la wanafunzi mwezi uliopita, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza habari za mbwa.

Mzee wangu hapo mbele anatikisa kichwa, anasema wageni wataogopa giza. Inawezekana. Hebu tulijadili. Na yule kijana wa chuo mwenye shati la kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja urani. Mpeni kipaza sauti aanze yeye.